UKIULIZWA KUHUSU MTEULE, WEWE NI SHAHIDI



Sifa zote njema ni za Allah Subhanahu wa Ta'ala. Rehema na amani zimfikie Mtume wetu Muhammad (swalallahu alayhi wasallam), pamoja na jamaa zake na maswahaba zake.

Ndugu zangu katika imani,

Kila Rais anapotangaza majina ya mawaziri hapa Kenya, simu zetu hujaa ujumbe usiku huo huo. Na swali la kwanza kwenye makundi yetu ya WhatsApp huwa ni moja: "Waislamu ni wangapi?" Wakiwa wengi tunapongezana. Wakiwa wachache tunanung'unika. Kisha tunalala. Mwaka ukipita, dawa zikikosekana hospitalini na karo ya watoto ikikwama, tunaamka tena, safari hii kwa laana.

Leo nataka tuzungumzie zile siku chache tunazozilala. Ni siku zilizo baina ya jina kutangazwa na mtu kula kiapo. Katika siku hizo Bunge huwauliza wananchi waziwazi: mtu huyu mnamjua? Anafaa? Ukiulizwa hivyo, ndugu yangu, wewe ni shahidi. Na ushahidi katika dini yetu una hukumu zake. Haramu kuuficha unapohitajika, na haramu kubwa zaidi kuutoa wa uongo.

UTARATIBU WENYEWE

Wengi wetu tunasikia tu kwamba mawaziri "wanapigwa msasa", lakini hatujui msasa huo unapigwa vipi. Basi tuanze hapo.

Katiba ya mwaka 2010, kifungu cha 152, inampa Rais haki ya kupendekeza mawaziri, lakini hawezi kuwaapisha mpaka Bunge la Kitaifa liwaidhinishe. Mawaziri hawapungui 14 wala hawazidi 22, na waziri haruhusiwi kuwa mbunge. Majina yakifika Bungeni, hupelekwa kwa Kamati ya Uteuzi, ambayo mwenyekiti wake ni Spika mwenyewe. Kamati inatakiwa imalize kazi na kutoa ripoti ndani ya siku 28, kisha wabunge wote wanapiga kura.

Iko sheria ya mwaka 2011 inayoeleza mteule aangaliwe nini: elimu yake, ujuzi na uzoefu wake wa kazi, na uadilifu na historia yake. Kamati huziandikia taasisi za serikali kuuliza: tume ya kupambana na ufisadi, mamlaka ya ushuru, wapelelezi wa jinai, hata bodi ya mikopo ya wanafunzi. Mteule hukaa mbele ya kamera akatangaza utajiri wake ni shilingi ngapi.

Sasa sikiliza sehemu inayokuhusu wewe. Sheria hiyo hiyo inasema wananchi watangaziwe siku na mahali pa kikao angalau siku saba kabla. Na mtu yeyote, hata muuza mboga wa Kongowea, anaweza kumpelekea Karani wa Bunge maandishi ya kiapo yenye ushahidi kwamba mteule fulani hafai. Hakuna sharti la kuwa wakili wala mwanachama wa chama cha siasa. Unatakiwa uwe na ushahidi, na uwe tayari kuuapia.

Na uangalie jambo hili: muda uliowekwa ukimalizika Bunge halijakubali wala kukataa, sheria inamhesabu mteule kuwa ameidhinishwa. Kwa hiyo kunyamaza si kukaa pembeni. Kunyamaza kunampitisha mtu.

CHEO NI AMANA

Ndugu yangu, Allah ametuamrisha katika Surat An-Nisaa, aya ya 58, kuzifikisha amana kwa wanaozistahiki. Wanazuoni wa tafsiri wametaja kwamba vyeo vya uongozi vinaingia katika amana hizo. Na Katiba yetu, katika kifungu cha 73, inayaita mamlaka ya afisa wa serikali kuwa ni dhamana ya umma. Hapa sheria ya nchi na mafundisho ya dini yetu vimekutana.

Mtu wa kupewa amana hiyo anatakiwa awe vipi? Tazama kisa cha Nabii Musa (alayhis salaam) alipofika Madyan. Yule binti alipomshauri baba yake amwajiri, alimsifu kwa mambo mawili: nguvu na uaminifu. Hakutaja kabila lake wala uzuri wake. Na Nabii Yusuf (alayhis salaam) alipomwomba mfalme wa Misri amkabidhi hazina za nchi, alijieleza kwa mambo mawili pia: kwamba ni mtunzaji na ni mjuzi.

Nguvu ni uwezo wa kazi yenyewe, na uaminifu ni mkono usioiba. Moja bila ya jingine halitoshi. Abu Dharr (radhiyallahu anhu) alikuwa mcha Mungu asiye na mfano katika zuhudi, lakini alipoomba uongozi, Mtume (swalallahu alayhi wasallam) alimweleza kwa upole kwamba yeye ni dhaifu kwa jambo hilo, na kwamba uongozi ni amana inayogeuka majuto Siku ya Kiyama isipokuwa kwa aliyeichukua kwa haki yake. Ucha Mungu wa Abu Dharr haukutiliwa shaka, na cheo hakupewa.

Basi ukisikia mteule anasifiwa kwamba "ni mtu wa swala tano" au "alijenga msikiti kijijini kwao", sema mashallah, Allah amkubalie. Kisha uliza: na kazi ya wizara hii anaijua?

UNAMJUA KWELI?

Imepokewa kwamba mtu mmoja alimtolea mwenzake ushahidi wa uadilifu mbele ya Umar bin Al-Khattab (radhiyallahu anhu). Umar akamuuliza: wewe ni jirani yake, unayeona anaingia na kutoka? Akasema hapana. Umewahi kushughulika naye kwa dinari na dirham? Hapana. Umewahi kusafiri naye? Hapana. Umar akamwambia kwamba huenda alimwona tu msikitini akiinuka na kuinama, na kwamba mtu huyo hamjui.

Ndugu zangu, jipimeni na maswali hayo. Mwanasiasa anakuja siku ya Ijumaa, anakaa safu ya mbele, anatoa zulia na tangi la maji, anapiga picha na imamu. Akiteuliwa, sisi tunaandika barua yenye muhuri wa kamati ya msikiti: "Tunamuunga mkono ndugu yetu, tunamjua kwa uadilifu." Tunamjua wapi? Tumefanya naye biashara? Tumewauliza wafanyakazi wake kama analipa mishahara kwa wakati? Tumewauliza watu wa kaunti alikoshika cheo kabla? Kama hatukufanya hayo, barua ile ni ushahidi wa uongo uliopigwa muhuri wa nyumba ya Allah.

"LAKINI NI MTU WETU"

Najua jibu litakalokuja kwenye maoni. Sheikh, sisi tumetengwa miaka mingi. Akipatikana Muislamu mmoja, wewe unataka apigwe msasa zaidi ya wenzake?

Malalamiko ya kutengwa ni ya kweli, sitayapuuza. Neno "msasa" tunalijua zaidi ya wengine katika nchi hii. Kijana wa Garissa, Wajir au Mandera, na Mnubi wa Kibra, kwa miaka mingi walikuwa wakienda kuomba kitambulisho tu wanapelekwa mbele ya kamati wathibitishe kwamba ni Wakenya. Babu yako nani? Mmetoka wapi? Leta wazee wakushuhudie. Mpaka Februari 2025 ndipo Rais alipotangaza akiwa Wajir kwamba msasa huo wa ziada umeondolewa.

Sasa niambieni. Kijana maskini aliyetaka kadi ya kumwezesha kufungua akaunti ya benki alihojiwa mpaka nasaba yake. Halafu mtu anayekwenda kukabidhiwa mabilioni ya pesa za umma tuseme aachwe apite kwa kuwa jina lake ni kama letu? Uadilifu gani huo?

Haki yetu ni kwamba Muislamu anayefaa asinyimwe cheo kwa sababu ya dini yake. Hiyo tuipiganie wala tusione haya. Lakini hatuna haki ya kudai kwamba Muislamu asiyefaa apewe cheo kwa sababu ya dini yake. Akiharibu, atakayechafuka si yeye peke yake. Watasema, "mnaona Waislamu wakipewa?" Na Allah ametuamrisha tusimame kwa uadilifu tukiwa mashahidi kwa ajili Yake, hata kama ni dhidi ya nafsi zetu, wazazi wetu na jamaa zetu. Ikiwa mzazi hakuachwa nje ya amri hiyo, mwanasiasa wa mtaani kwetu ni nani?

"BUNGE NI MUHURI TU"

Wengine mtasema: Sheikh, unatuchosha bure. Hao wameshapangwa, Bunge linapiga muhuri tu.

Ushahidi wa neno hilo upo, nami nautaja. Mwaka 2022 Kamati ya Uteuzi ilimkataa mteule mmoja, Bi. Peninah Malonza, lakini ripoti ilipofika mbele ya Bunge zima wabunge waliigeuza wakamwidhinisha. Mwaka 2024, baada ya vijana kuandamana nchi nzima, Rais alilivunja Baraza la Mawaziri tarehe 11 Julai. Wateule 20 walipigwa msasa mwanzoni mwa Agosti, na kadhaa wao walikuwa wale wale waliofutwa wiki chache nyuma. Waliopita ni 19. Aliyekataliwa ni mmoja, Bi. Stella Soi Langat, aliyependekezwa kwa wizara ya jinsia, kwa maelezo kwamba hakuonyesha ujuzi wa kutosha wa mambo ya wizara hiyo.

Na kukataa nako si lazima kuwe kwa haki. Mwaka 2015 Bunge lilimkataa Dkt. Monica Juma kuwa Katibu wa Baraza la Mawaziri, na katika mjadala wabunge wengi walimlaumu kwa barua aliyoandika akilalamikia wabunge wanaomiminika ofisini kwake na maombi yao. Baadaye mama huyo huyo aliidhinishwa kuwa waziri. Kwa hiyo mbunge naye amebeba amana: asimpitishe mtu kwa kuhongwa, wala asimkate mtu kwa kisasi.

Basi ndiyo, mlango ni mwembamba. Lakini mlango mwembamba haufungwi kwa sababu wengine wanaupita vibaya. Wewe hutaulizwa na Allah kwa nini Bunge lilipiga kura vile. Utaulizwa kuhusu ulichokijua ukakificha. Na maandishi yako yakishapokelewa, yanabaki katika kumbukumbu. Aliyepitishwa baada ya kuonywa hawezi kusema hakuna aliyejua, na mbunge aliyempitisha utamkuta kwenye debe.

HATA SA'D ALIULIZIWA

Watu wa Kufa walimshtaki gavana wao kwa Umar. Gavana huyo alikuwa Sa'd bin Abi Waqqas (radhiyallahu anhu), mmoja wa maswahaba kumi waliobashiriwa Pepo. Mtu kama huyo! Umar angeweza kusema huyu ni wa Peponi, nyamazeni. Hakusema hivyo. Alimsikiliza Sa'd, kisha akatuma watu Kufa wakaulize juu yake msikiti baada ya msikiti. Kote walimsifu kwa wema, mpaka walipofika msikiti wa Banu Abs, akasimama mtu mmoja, Usama bin Qatada, akamtuhumu kwamba hatoki na jeshi, hagawi kwa usawa na hahukumu kwa haki. Kisa kimepokewa na Bukhari.

Chukueni mafunzo mawili hapo.

La kwanza: hakuna kiongozi aliye juu ya kuuliziwa. Kama Sa'd aliuliziwa misikitini, usikasirike mheshimiwa wako akiulizwa alipata wapi nyumba.

La pili: Usama yule alisema uongo. Sa'd alimwombea kwa Allah kwamba kama ni mwongo aliyesimama kwa kujionyesha, basi umri wake urefushwe, ufakiri wake urefushwe, na apatwe na fitna. Alionekana uzeeni nyusi zimemwangukia machoni, akisumbua wasichana njiani, na akiulizwa husema ni mzee aliyefitinika, dua ya Sa'd imempata. Allah atuhifadhi.

Kwa hiyo wewe unayekaa TikTok usiku kucha ukimwita kila mteule mwizi, bila karatasi wala shahidi, jihadhari. Kilichokatazwa katika Surat Al-Hujurat hakikuruhusiwa kwa kuwa mhusika ni mwanasiasa. Imamu Nawawi (rahimahullah) ametaja hali sita ambazo kumtaja mtu kwa aibu yake kunaruhusiwa, na miongoni mwa aliyoyaeleza ni mwenye mamlaka asiyeyatekeleza ipasavyo: atajwe kwa aliye juu yake mwenye uwezo wa kumwondoa au kumnyoosha. Angalia alivyosema: kwa mwenye uwezo wa kurekebisha, na kwa kadiri ya haja. Hati ya kiapo kwa Karani wa Bunge inaingia humo. Matusi ya kutafuta wafuasi hayaingii.

BAADA YA KIAPO

Msasa ni mwanzo. Mtu anaweza kuingia ofisini akiwa msafi, pesa zikambadilisha.

Mtume (swalallahu alayhi wasallam) alimtuma Ibn Al-Lutbiyya kukusanya zaka. Aliporudi alitenga mali mafungu mawili: hii yenu, na hii nimezawadiwa. Mtume alipanda juu ya mimbari akalikemea jambo hilo mbele ya watu: kwa nini asikae nyumbani kwa baba yake na mama yake aone kama zawadi hizo zitamfikia? Fahamu kwamba aliyemteua ni Mtume mwenyewe. Kuteuliwa naye hakukumzuia kuhesabiwa. Na Umar alikuwa akiandika mali za magavana wake anapowapa kazi, ili ajue kilichoongezeka, na alikuwa akimtuma Muhammad bin Maslama kuchunguza malalamiko juu yao.

Sisi leo tuna vyombo vyetu. Mkaguzi Mkuu wa Hesabu, ambaye naye huidhinishwa na Bunge, anatakiwa atoe ripoti ndani ya miezi sita baada ya mwaka wa fedha kumalizika, na Bunge liijadili ndani ya miezi mitatu. Waziri akiitwa na kamati ya Bunge ni lazima afike. Na waziri anaweza kuondolewa: robo ya wabunge waunge mkono hoja, theluthi yao waipitishe, kisha kamati ya watu 11 ichunguze na kutoa ripoti ndani ya siku 10.

Mwaka 2024, kashfa ya mbolea feki ilipowakuta wakulima, hatua hizo zilifuatwa dhidi ya Waziri wa Kilimo wa wakati huo, Mithika Linturi. Kamati ilisema madai hayakuthibitishwa. Uliridhika au hukuridhika, swali langu ni moja: wakati ule, mkulima Muislamu wa Tana River au Lamu aliyekuwa na gunia mkononi, alipeleka ushahidi wake wapi? Au aliishia kulalamika barazani?

TUFANYE NINI?

1. Majina yakitangazwa, badilisha swali. Kabla ya "Waislamu wangapi?", uliza: "Nani ana nguvu ya kazi hii, na nani mwaminifu?"

2. Ukiwa na jambo la hakika, liandike: tarehe, mahali, karatasi zenyewe. Nenda kwa wakili au hakimu ukaape, ulifikishe kwa Karani kabla ya siku ya kikao. Mawakili Waislamu, hii ni sadaka mnayoweza kuitoa.

3. Ukiwa huna jambo la hakika, nyamaza. Na ukiwa na wema wa hakika wa mteule, hata kama si wa dini yako, useme pia. Huo nao ni ushahidi.

4. Anza karibu. Kila kaunti kati ya 47 ina mawaziri wake, na wao pia hawaapishwi mpaka bunge la kaunti liwaidhinishe. Mwakilishi wako wa wadi unamjua nyumbani kwake. Muulize alipigaje kura na kwa nini.

5. Maimamu na kamati za misikiti: msimpe mteule mimbari wala barua kabla hajapigwa msasa. Mkaribisheni aswali kama Muislamu yeyote, basi.

6. Tujipige msasa wenyewe. Mweka hazina wa msikiti wetu aliteuliwa kwa sababu ya uaminifu wake au kwa sababu ya ukoo? Hesabu za madrasa zilisomwa lini mbele ya jamaa? Tusiwaulize wabunge swali tunalolikimbia sisi.

Na ndugu zetu mnaotusoma kutoka Tanzania: kwenu ni uteuzi wa Waziri Mkuu unaothibitishwa kwa kura za wabunge, na mawaziri wengine huteuliwa bila kura hiyo. Lakini ripoti ya Mdhibiti na Mkaguzi Mkuu inafika Bungeni kila mwaka. Isomeni. Jukumu la kusema kweli halibadiliki kwa kuvuka Lungalunga.

Ndugu yangu, Mtume (swalallahu alayhi wasallam) alipoulizwa kuhusu Kiyama, alitaja kwamba amana ikipotea kingojewe, na kupotea kwake ni jambo kukabidhiwa asiyestahiki. Asiyestahiki hajikabidhi mwenyewe. Kuna aliyemtaja, kuna aliyempitisha, na kuna aliyejua akakaa kimya. Chunga usiwe mmoja wa hao watatu.

Ewe Mola wetu, tupe viongozi wanaokuogopa na wanaoijua kazi yao. Zilinde ndimi zetu na uongo na woga. Utujaalie tuwe mashahidi wa haki, kwa tunaowapenda na kwa tusiowapenda. Aamin.

Wasomee walio nyumbani, na umtumie mwenzako kabla majina mengine hayajatangazwa.

Wabillahi tawfiq. Wassalaamu alaykum warahmatullahi wabarakatuh.